Waliobofya na Walionyamaza: Kwa Nini Watu Hushiriki Kura za Mtandaoni, na Kwa Nini Wengi Hawashiriki

Mwaka jana kundi la WhatsApp la ukoo wetu lilihitaji kuamua mahali pa kufanyia mkutano wa Desemba: Muheza, yaliko makaburi ya wazee, au Dar es Salaam, wanakoishi vijana wengi. Katibu aliweka kura yenye machaguo hayo mawili saa tatu usiku. Hadi kesho yake mchana watu 14 walikuwa wamekwisha kubofya, 11 wakitaka Dar es Salaam na 3 wakitaka Muheza, na mmoja wetu akaandika, kwa nia njema kabisa, kwamba wengi wameshaamua. Kundi hilo lina watu 87.

Katibu wetu ni mtu mwangalifu. Kabla ya kutangaza lolote aliomba tugawane majina ya wale 73 ambao hawakubofya, tuwapigie simu mmoja mmoja. Shangazi yangu aliniambia, "Mwanangu, nikibonyeza pale jina langu si linaonekana? Baba yako mkubwa ameshachagua Dar, mimi nimpinge mbele ya watoto?" Baba mdogo alishangaa kwamba namwuliza, kwa kuwa alikwisha kutuma ujumbe wa sauti wa dakika nne akieleza kwa nini Muheza ndiko kunakofaa, kwake yeye ule ujumbe ndio ulikuwa kura. Binamu yangu anayefanya kazi Muscat aliiona kura saa ile ile ilipowekwa, lakini alijizuia kwa kuwa alijua hatahudhuria. Wengine bando lilikuwa limekwisha, na wengine walipofungua kundi walikuta 11 kwa 3 wakaona jambo limekwisha nalo. Hakuna hata mmoja niliyezungumza naye ambaye hakuwa na maoni.

Kura ya mtandaoni, iwe ya ukoo au ya taifa, hubeba majibu ya maswali mawili kwa pamoja. La kwanza ni lile lililoandikwa: watu wanataka nini. La pili halikuandikwa popote: ni nani aliyeona inafaa kujibu, na kwa sababu gani. Asilimia tunazoonyeshwa huhesabiwa kana kwamba swali la pili halipo, ilhali ndilo linaloamua jibu la lile la kwanza litakuwaje. Makala hii inahusu swali hilo la pili.

Inafaa kwanza kutenganisha vitu viwili ambavyo katika Kiswahili vimepewa jina moja la kura ya maoni. Kuna utafiti wa maoni ambamo mtafiti huchagua watu kwa bahati nasibu kutoka katika jamii nzima kisha akawafuata mwenyewe, nyumbani au kwa simu, hata mara tatu au nne, ili kila mtu awe na nafasi inayojulikana ya kuulizwa. Kisha kuna kura ya wazi, ambayo swali huwekwa hadharani na yeyote anayepita hujibu akipenda. Katika ile ya kwanza mtafiti humchagua mjibuji. Katika ya pili mjibuji hujichagua mwenyewe. Kura nyingi za mtandaoni ni za aina hii ya pili, na hivyo ndivyo zilivyokuwa hata zile za zamani za redio na televisheni, zilizotutaka tutume neno NDIYO, HAPANA au SIJUI kwa ujumbe mfupi. Kujichagua ndiko kunakofanya sababu za kushiriki ziwe na uzito mkubwa hivi, kwa maana sababu hizo ndizo zinazofanya kazi ya mchujo.

Ukilitazama kwa hesabu kavu, jambo la kustaajabisha ni kwamba kuna watu wanaoshiriki hata kidogo. Mwanauchumi wa Marekani Anthony Downs alionyesha mwaka 1957 kwamba uwezekano wa kura ya mtu mmoja kugeuza matokeo ya uchaguzi mkubwa ni mdogo mno, kiasi kwamba mwenye kupima faida na gharama peke yake angebaki nyumbani. Mwaka 1968 William Riker na Peter Ordeshook walijaribu kulitatua fumbo hilo kwa kuongeza kitu kingine kwenye hesabu: ridhaa anayoipata mtu kwa kutimiza wajibu na kujionyesha yuko upande gani, bila kujali kama kura yake itageuza lolote. Hoja yao ilihusu uchaguzi wenyewe, lakini inaieleza kura ya mtandaoni vizuri zaidi, kwa sababu huku mara nyingi hakuna hata kitu cha kugeuzwa. Anayebofya jina la timu yake kwenye kura ya "nani atachukua ubingwa" hadhani kwamba kubofya kwake kutaongeza goli. Anasema yeye ni nani.

Kujitambulisha huko ndiko kunakowakusanya mashabiki wa msanii usiku wa manane kumpigia kura ya tuzo, wakikumbushana na kutumiana kiungo. Hapo kushiriki ni tendo la kundi, na mtu hushiriki kwa sababu ameombwa na mwenzake. Mwaka 2016 baraza la utafiti wa mazingira la Uingereza, NERC, liliwaalika wananchi wapendekeze mtandaoni jina la meli mpya ya utafiti wa nchi za barafu. Jina la utani lisilo na heshima yoyote ya kibahari, Boaty McBoatface, liliongoza kwa kura zaidi ya 124,000. Serikali iliamua meli iitwe Sir David Attenborough, na lile jina la utani likapewa chombo kidogo cha kuzamia kinachojiendesha. Kisa hiki husimuliwa sana kama ushahidi kwamba umati hauaminiki. Mimi nakisoma vingine. Wengi wa waliopiga kura hawakuwa na neno lolote la kusema kuhusu utafiti wa barafu, na wasingelifika kabisa pale kama si raha ya kucheka pamoja na watu wasiowajua. Kilichowaleta kilikuwa furaha, na furaha hiyo ndiyo iliyohesabiwa.

Kichocheo kingine ni udadisi, na mitandao imejifunza kuutumia. Katika kura za mtandao wa X, ambao ulianzisha huduma hiyo mwaka 2015 ukiitwa bado Twitter, huoni wengine wamejibu nini mpaka nawe ujibu au muda wa kura uishe. Mpangilio huo una faida moja kubwa, kwamba mtu hajibu kwa kufuata walio wengi, na una hasara yake: asiye na maoni hubofya chochote ili pazia lifunguke. Anayeandaa kura kwa uangalifu huweka chaguo la "nataka kuona matokeo tu" kwa ajili ya watu hao, na ukiiona kura yenye chaguo hilo utashangaa ni wangapi wanalichagua.

Lakini nguvu kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kuguswa na jambo, hasa kuguswa kwa uchungu. Katikati ya miaka ya 1970 Ann Landers, mwandishi wa safu ya ushauri iliyosomwa katika magazeti mengi ya Marekani, aliwauliza wasomaji wake kama wangezaa watoto tena iwapo wangeanza maisha upya. Barua zipatazo 10,000 zilimfikia, na takriban asilimia 70 zilisema hapana. Gazeti la Newsday lilipouliza swali hilo hilo kwa watu waliochaguliwa kwa bahati nasibu, asilimia 91 walisema ndiyo. Hakuna aliyesema uongo katika pande zote mbili. Mzazi aliyeridhika na wanawe hakuona sababu ya kutafuta kalamu na stempu. Mzazi aliyeumizwa na watoto wake alikuwa na barua moyoni miaka mingi, akisubiri tu pa kuituma. Siku hizi hakuna stempu, lakini tabia ni ile ile: mteja aliyehudumiwa vizuri hufunga ukurasa akaenda zake, na aliyeudhiwa hutafuta mahali pa kuandika. Ndiyo maana kura ya wazi kuhusu nauli, kodi au umeme huwa kali kuliko hali ya mioyo ya watu wengi ilivyo.

Watafiti wa hojaji wamejaribu kuyaweka mambo haya katika mfumo mmoja. Robert Groves, Eleanor Singer na Amy Corning walieleza mwaka 2000 kwamba kila mtu ana mizani yake: mmoja huvutwa na mada, mwingine na zawadi, mwingine na heshima ya anayeuliza, na mwingine hukerwa na urefu wa maswali, na uamuzi wa kushiriki hutegemea ni uzito upi kati ya hiyo ulioonyeshwa mbele wakati wa kuombwa. Kabla yao Don Dillman, ambaye alitumia maisha yake kuchunguza hojaji za posta, alisisitiza kwamba kuombwa maoni ni aina ya kubadilishana fadhila. Imethibitishwa mara nyingi kwamba noti ndogo iliyotiwa ndani ya bahasha pamoja na hojaji huleta majibu mengi kuliko ahadi ya fedha zaidi baada ya kujibu. Aliyekwisha kupewa huona ana deni la wema. Aliyeahidiwa huona anapangiwa kazi ya malipo. Kwa Mswahili jambo hili halihitaji nadharia ndefu, kwani anajua mgeni aliyeingia nyumbani na kifurushi cha sukari husikilizwa vipi.

Kuna pia watu ambao kwa tabia yao hushiriki kila kitu: vikao vya mtaa, michango ya misiba, kamati za shule, na kura za mtandaoni vilevile. Kituo cha utafiti cha Pew huko Marekani kiliwapima watu hawa mwaka 2012. Katika utafiti wao wa simu, asilimia 55 ya waliojibu walisema walifanya kazi ya kujitolea katika mwaka uliotangulia, ilhali utafiti wa serikali, ambao huwafikia watu wengi zaidi na kujibiwa nao, ulionyesha asilimia 27 tu. Yule mwenye moyo wa kumsaidia asiyemjua ndiye huyo huyo anayekubali kumpa mgeni dakika 20 za simu. Kwa hiyo utafiti unaouliza "je, wananchi wanajitolea?" huanza kuvuna jibu lake tangu mtu anapopokea simu, kabla hata swali halijasomwa.

Nije kwa wasioshiriki, ambao karibu kila mahali ndio wengi. Mwaka 1997 Pew walipata majibu kutoka asilimia 36 ya namba walizopiga. Mwaka 2018 walipata asilimia 6. Mtandaoni uwiano huwa mgumu zaidi kuujua, kwa kuwa hatujui ni wangapi waliliona swali, lakini mfano mmoja unatusaidia. Desemba 2022 Elon Musk, mmiliki wa Twitter, aliuliza kama ajiuzulu uongozi wa kampuni hiyo na akaahidi kuyafuata matokeo. Swali lilikuwa zito, aliyeuliza alikuwa anajulikana dunia nzima, na kubofya hakukugharimu kitu. Kura zilizopigwa zilikuwa zaidi ya milioni 17.5, asilimia 57.5 zikimtaka aondoke. Wafuasi wake wakati huo walizidi milioni 120. Hata tukichukulia kwamba kila aliyepiga kura alikuwa mfuasi wake, bado zaidi ya wafuasi milioni 100 hawakusema kitu.

Kunyamaza huku kuna sababu nyingi, nazo hazifanani hata kidogo. Ya kwanza ni gharama. Kwa mtu mwenye intaneti ya mwezi mzima kubofya ni bure, lakini kwa anayenunua bando la siku kila ukurasa una bei, na hojaji ya maswali 40 yenye picha inaweza kumlia bando la jioni nzima. Ziko nyumba ambamo simu janja ni moja na iko mfukoni mwa baba. Kura ya mtandaoni ikija, ni baba anayeulizwa, hata kama swali linahusu zahanati ambayo mama ndiye anayekwenda kila mwezi. Lugha nayo ni gharama. Swali lililotafsiriwa ovyo kutoka Kiingereza humfanya msomaji wa Kiswahili ahisi kwamba halikuandikwa kwa ajili yake, na hisia hiyo huwa sahihi.

Kwa sababu hii tafiti makini za kwetu zimelazimika kuiondoa gharama kwa mikono. Taasisi ya Twaweza ilipoanzisha mpango wa Sauti za Wananchi Tanzania Bara mwaka 2013, ilizifikia kaya zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, ikawapa wajibuji wapatao 2,000 simu pamoja na chaja za nguvu ya jua, ndipo ikaanza kuwapigia mara kwa mara. Uganda, UNICEF ilianzisha U-Report mwaka 2011, ambapo vijana hujibu maswali kwa ujumbe mfupi bila malipo. Mipango hii miwili ni tofauti sana, kwa sababu U-Report hujiunga anayependa ilhali Sauti za Wananchi huchagua watu wake, lakini yote miwili ilianza kwa kukubali ukweli ule ule: asiye na chaji wala salio hana kura.

Sababu ya pili ni hofu, na hapa nataka nikae kidogo, kwa kuwa naona ndiyo inayoeleweka vibaya. Hofu tunayoizungumzia zaidi ni ile ya serikali. Mradi wa Afrobarometer, ambao huwahoji watu ana kwa ana katika nchi nyingi za Afrika, una desturi nzuri ya kumuuliza mjibuji mwishoni anadhani ni nani aliyewatuma wahoji, na wengi hutaja serikali ingawa waliambiwa mapema kwamba utafiti ni huru. Mwenye dhana hiyo hupima maneno yake. Mtandaoni dhana huongezeka, maana akaunti ina jina, namba ya simu imesajiliwa kwa alama za vidole, na mtu hawezi kumtazama mwulizaji usoni akaamua kama ni wa kuaminika.

Hata hivyo hofu iliyomnyamazisha shangazi yangu haikuwa ya serikali. Ilikuwa hofu ya heshima. WhatsApp ilipoleta kura kwenye makundi mwezi Novemba 2022, ilizipanga kwa namna ambayo mtu akigusa sehemu ya kutazama kura huona majina ya waliochagua kila upande. Mpangilio huo unafaa kwa kupanga chakula cha jioni. Katika kundi lenye baba wakubwa, wakwe, bosi na wafanyakazi wake, au mchungaji na waumini, kila kubofya hugeuka tamko la hadharani, na katika jamii ambamo mdogo hampingi mkubwa mbele ya watu, mdogo hunyamaza. Telegram humwachia mwulizaji hiari ya kuficha majina, na tofauti hiyo ndogo ya kiufundi inaweza kugeuza matokeo yote. Mwanasayansi wa Ujerumani Elisabeth Noelle-Neumann alieleza mwaka 1974 jinsi ukimya unavyojilisha wenyewe: mtu anayehisi yuko upande wa wachache hunyamaza, ukimya wake huwafanya wachache waonekane wachache zaidi, na wengine waliokuwa na maoni kama yake nao hunyamaza. Ile 11 kwa 3 ya ukoo wetu ilikuwa ikifanya kazi hiyo saa baada ya saa.

Sababu ya tatu ni kukosa imani kwamba jibu litafika popote. Mwananchi aliyejaza hojaji tano kuhusu barabara na barabara ikabaki vile vile hajachoka kujibu, amejifunza. Pamoja na hilo kuna utapeli. Kila mmoja wetu ametumiwa kiungo kinachoahidi zawadi kwa kujibu maswali machache, na waliobofya waliishia kuombwa namba ya siri. Aliyeungua na uji hupuliza hata mtindi, na mtafiti mwaminifu anayekuja baada ya tapeli hulipishwa deni lisilo lake.

Kuna kundi moja ambalo halitajwi sana: walioliona swali wakakuta jibu lao halimo. Kura ya "ndiyo au hapana" kuhusu jambo lenye pande nne humfukuza anayelifahamu jambo hilo vizuri, na kumbakiza asiye na shaka. Baba mdogo na ujumbe wake wa dakika nne alikuwa wa kundi hili. Alitaka kusema Muheza, lakini baada ya mvua, na mradi wanaotoka Dar wachangiwe nauli. Hakukuwa na kiduara cha kusema hivyo.

Upande wa pili wako wanaoshiriki kupita kiasi. Zawadi zinapokuwa ndiyo sababu pekee, hutokea watu wanaojibu hojaji kama kibarua, wakikubali kila kitu ili wamalize haraka. Katika utafiti mmoja wa mtandaoni wa kujiunga mwenyewe uliofanywa mwaka 2022, Pew waliwauliza Wamarekani kama wana leseni ya kuendesha nyambizi ya nyuklia. Miongoni mwa waliojitambulisha kuwa na umri chini ya miaka 30, asilimia 12 walisema wanayo. Idadi halisi ya watu wenye leseni hiyo ni kama hakuna. Hawa si waongo wenye kusudi. Ni watu, na mara nyingine programu za kompyuta, ambao swali kwao halina maana yoyote zaidi ya kuwa kizuizi kati yao na malipo. Zawadi iliyokusudiwa kumvuta asiyeshiriki imemvuta asiyesoma.

Je, wingi wa majibu unaweza kutuponya? Jibu lilipatikana zamani, kabla ya intaneti. Mwaka 1936 jarida la Marekani la Literary Digest lilituma karatasi za kura ya majaribio zipatazo milioni 10, likapokea zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Alf Landon angemshinda Rais Franklin Roosevelt. Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48. George Gallup, aliyeuliza watu wachache mno kwa kulinganisha lakini kwa kuchagua, alitabiri mshindi sawasawa. Maelezo yanayofundishwa kwa kawaida ni kwamba jarida lilichukua majina kwenye orodha za wenye simu na magari, yaani watu wenye uwezo katika miaka ya dhiki. Hilo ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Mwaka 1988 Peverill Squire alichambua utafiti uliofanywa na Gallup mwaka 1937 na akaonyesha kwamba hata miongoni mwa waliopelekewa karatasi, waliozirudisha walielemea kwa Landon na wasiozirudisha walielemea kwa Roosevelt. Kama wote waliotumiwa wangejibu, jarida lingemtaja mshindi wa kweli. Orodha ilikuwa mbovu, lakini kilicholiangusha jarida ni ukimya wa wale ambao tayari walikuwa kwenye orodha.

Watakwimu wa leo wana dawa ya sehemu. Mwaka 2012 kundi la watafiti waliuliza kila siku, kupitia mashine za michezo za Xbox, watu wangempigia nani kati ya Barack Obama na Mitt Romney. Walijibu watu zaidi ya 345,000, na asilimia 93 walikuwa wanaume, wengi wao vijana. Huwezi kupata sampuli iliyopinda kuliko hiyo. Lakini kwa kuwa waliwauliza pia umri, jinsia, elimu na chama, waliweza kulipa kila kundi uzito wake halisi katika jamii, na makadirio yao yakakaribia matokeo ya uchaguzi. Kilichonivutia zaidi ni walichokigundua kando. Baada ya mdahalo wa kwanza wa tarehe 3 Oktoba, ambao Obama alionekana kushindwa, kura za maoni zilionyesha ameporomoka. Uchambuzi wa Andrew Gelman, mmoja wa watafiti hao, na wenzake ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya mporomoko huo haikuwa watu kubadili mawazo. Wafuasi wa Obama walikuwa wamevunjika moyo, wakaacha kujibu. Wa Romney walikuwa wamechangamka, wakajibu kwa wingi. Magazeti yaliandika kwamba taifa limegeuka, wakati kilichogeuka zaidi kilikuwa hamu ya kujibu.

Dawa hiyo ya uzito ina mpaka wake. Inafanya kazi pale ambapo kijana wa Tanga aliyejibu anafanana kimawazo na kijana wa Tanga asiyejibu. Kama aliyenyamaza alinyamaza kwa sababu ya maoni yake yenyewe, kama shangazi yangu, hakuna hesabu itakayomrudisha, kwa kuwa hakuna mwingine kama yeye ndani ya sampuli wa kumwakilisha. Hapo kinachobaki ni kumfuata.

Kenya ilipotunga sheria ya uchapishaji wa kura za maoni za uchaguzi mwaka 2012, iliwataka wachapishaji wataje nani aliyegharamia utafiti, watu wangapi waliohojiwa, kiwango cha makosa na maneno yenyewe ya maswali, na ikapiga marufuku kuchapisha matokeo katika siku tano kabla ya uchaguzi. Naiona kuwa sheria yenye busara katika sehemu ile ya kwanza. Kama ningeruhusiwa kuongeza kitu kwenye kura za kila siku tunazowekeana mtandaoni, ningeanza na jambo dogo zaidi: kuandika, pembeni ya asilimia, waliojibu ni wangapi kati ya wangapi walioulizwa, majina yalionekana au yalifichwa, na matokeo yalionekana kabla ya kujibu au baadaye.

Katika ukoo wetu zoezi la simu lilichukua siku mbili na vocha za katibu. Tuliwapata watu 58 kati ya wale 73, na 41 kati yao walitaka Muheza, wengi kwa sababu moja ambayo haikuwa imeandikwa popote katika lile kundi: bibi yetu mkubwa hawezi tena kusafiri. Kura ya mwaka huu katibu ameiweka Telegram, majina yamefichwa, ina chaguo la tatu la "nina maoni mengine, nipigieni," na chini yake ameandika orodha ya wazee sita wasio na simu janja pamoja na jina la kijana atakayekwenda kumwuliza kila mmoja wao.